Siku Prefe Aliposimama Kando ya Ubao

Watu wa kanisani huniambia nisamehe. Nimesamehe wengi, hata mwizi aliyenichukulia kanga zangu zote kwenye kamba pale Kimemi, Butembo. Lakini yule prefe aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi sijamsamehe, wala sina mpango huo. Nikikumbuka alichonifanyia mwaka wangu wa kwanza nasikia joto linapanda shingoni. Nikikumbuka nilivyomlipa nasikia njaa, natamani kukaa mezani nile kitu kizuri.

Nilifika Butembo nikitokea Bukoba, binti aliyemaliza chuo cha ualimu na kukaa nyumbani akingoja ajira isiyokuja. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, muuza vitenge, alikuwa amefahamiana na mjomba wangu huko Kampala. Alikuwa na shule yake ya sekondari. Alikuwa pia amechoka kutia sahihi karatasi za Kiingereza asizoweza kuzisoma kila alipokwenda Dubai, akaapa kwamba watoto wa mji wake hawataionja aibu ile. Akamwambia mjomba amtafutie mwalimu wa Kiingereza, si wa kukisoma tu, wa kukisema. Mjomba akanitaja mimi. Mama alilia, akanifungia senene kwenye kopo, nikakatiza Uganda hadi mpaka wa Kasindi. Kutoka pale nikapandishwa milimani, mahali ambapo asubuhi ukifungua mlango unakuta ukungu umekaa barabarani na watu wamevaa makoti kama wanakwenda safari.

Nilidhani Kiswahili kitanibeba. Kumbe kiliwapa watu kicheko. Siku ya kwanza sokoni niliuliza bei ya maharage ya Musienene kwa adabu zote nilizofundishwa, na mama muuzaji akawaita wenzake.

"Mukuye musikilize! Huyu madame iko anasema kama radio!"

Sikumkasirikia. Kila nilipofungua mdomo aliniongezea kiganja cha maharage ili niendelee. Nikajifunza kumjibu "wasingya", asante ya Kinande, naye akazidi kuongeza. Watu wa mji ule hawakunionea. Nalisema hili mapema ili ijulikane hasira yangu inaelekea wapi.

Nilipewa darasa la mwisho, wale wanaojiandaa na mtihani wa taifa, ambao kila mtu huko huwaita wafinalisti. Walikuwa wamesoma Kiingereza kwa miaka na hawakuweza kumweleza mgeni wanakaa wapi. Vitenzi walivijua kama litania ya watakatifu, ukianzisha wanamalizia, lakini hakuna aliyewahi kukitumia kitenzi hata kimoja kuomba maji. Nikawafungisha vitabu. Tukafanya darasa kuwa soko, kesho yake likawa kituo cha forodha, kesho kutwa hospitali. Mwanzoni walificha nyuso kwa aibu. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza nilikuwa nagonga meza ili wanyamaze.

Aliyeongoza kelele zile alikuwa msichana mmoja kutoka Vuhovi, mtoto wa wakulima, mrefu, mwenye maswali yasiyokwisha. Alitaka kwenda Uganda kusomea uuguzi, na alijua kwamba kule wangemkalisha kwanza na kumhoji kwa Kiingereza. Baada ya masomo alinisindikiza hadi barabara kubwa akiniuliza hiki na kile, na nilipopanda pikipiki alikuwa bado anauliza. Nililipenda darasa lile kama mtu anavyolipenda shamba lake la kwanza. Lilikuwa langu.

Sasa nije kwa prefe. Huko prefe wa masomo ndiye mkuu wa sekondari, na huyu wetu alikuwa ametumwa kutoka Kinshasa. Shati limepigwa pasi, viatu havina tope katika mji ambao mvua yake haina likizo. Zamani alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na sifa hiyo alitembea nayo kama medali. Nilipomsalimu kwa Kiingereza mara ya kwanza alinijibu kwa Kifaransa. Nilipomsalimu mara ya pili alikumbuka kwamba ameacha kitu ofisini. Ningekuwa na akili ningeelewa siku ile ile.

Walimu wa huko wana desturi ambayo sisi hatuna. Wanaiita kritiki. Siku iliyopangwa, mwalimu mmoja anafundisha somo la mfano, wenzake wamekaa nyuma kwenye madawati. Kengele ikilia, wanafunzi wanatolewa nje. Mwalimu anasimama kando ya ubao, mikono nyuma, na wenzake wanainuka mmoja mmoja: kwanza wanataja mazuri, kisha wanataja makosa. Mwalimu hajibu. Akitukanwa hajibu, akisingiziwa hajibu. Wakimaliza anasema kwa Kifaransa kwamba anawashukuru wenzake wapendwa, kisha soda zinafunguliwa na watu wanacheka pamoja. Kwetu mkaguzi anakuita ofisini, anafunga mlango, anakupasha huko huko. Hakuna aliyenieleza habari za kritiki, kwa sababu wote walidhani walimu wa dunia nzima wamelelewa hivyo.

Zamu yangu ikafika. Tulifanya soko la viazi. Msichana wa Vuhovi aliuza, wenzake walimlalia bei, yeye akawaambia kwa Kiingereza waende wakale mawe. Walimu nyuma walicheka, hata wale wasioelewa. Prefe alikuwa amekunja mikono. Kengele ikalia, wanafunzi wakainuka kutoka, na yeye akanyoosha kidole.

"Bakae. Basikilize, nabo bajifunze."

Niliona walimu wanatazamana, sikujua kwa nini.

Kwa desturi mkuu huzungumza mwisho. Yeye alianza, na hakutaja zuri hata moja. Alisema sina mpangilio. Alisema ubao ni mtupu. Alisema nimegeuza darasa kuwa soko, na kwamba watoto wa watu hawakuletwa shule kupiga makelele. Kisha akawageukia wanafunzi, si mimi, akawaambia:

"Na ile Kingereza munasikia, lakini ni Kingereza gani? Ni ya ku barrière, kule ku mupaka. Ni ya bachauffeurs ba malori. Kama munasema vile fasi ya maana, batu batawacheka."

Wanafunzi wengine waliinamisha vichwa. Wawili watatu walicheka, kile kicheko cha mtoto anayetaka mkuu amwone. Msichana wa Vuhovi alikuwa ananitazama mimi.

Nikajibu. Ningejuaje kwamba hakijibiwi kitu? Nilisema kwamba watoto hawa wanaweza kuzungumza, na kama Bwana Prefe ana shaka, azungumze nao sasa hivi kwa Kiingereza, sote tusikie.

Mwalimu wa jiografia, mzee wa Lubero aliyekuwa karibu kustaafu, alifumba macho. Prefe aliinuka polepole na sauti yake ikawa laini.

"Madame, mu kritiki mutu hapana kujibu. Anasimama, anasema merci, anakaa. Ao kwenu habakufundishaka adabu?"

Akanitaka niseme ile shukrani. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Nikakisema nilivyoweza. Akasema hakusikia vizuri. Nikakisema tena. Akasema bado. Alinifanya nirudie mbele ya wanafunzi wangu kama mtoto anayefundishwa kutamka jina lake, hadi aliporidhika, kisha akaagiza soda. Mimi sikunywa.

Jumatatu iliyofuata aliwachukua wafinalisti akasema atawafundisha mwenyewe. Mimi nikapelekwa kwa wadogo kabisa.

Mzee wa jiografia alinifuata uani. "Alikukosea, madame," akasema. "Batoto habakalaka mu kritiki. Habakalaka hata siku moja. Lakini yeye njo chef, njo mukubwa." Na prefe, kwa kuwa mchezo ulimnogea, aliufanya kuwa sheria. Kuanzia hapo kila kritiki wanafunzi walibaki. Kila mwalimu wa shule ile alionja, mmoja baada ya mwingine, kusimama kando ya ubao macho ya watoto yakiwa usoni mwake. Yeye peke yake ndiye hakuwahi kufundisha somo la mfano. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nilitaka vitu viwili tu. Nilitaka darasa langu lirudi, na nilitaka yeye asimame pale niliposimama, wao wakimtazama. Nilivitaka nikiamka na nilivitaka nikisonga ugali. Nilikwenda misa nikavitaka huko huko kwenye misa, wenzangu wakiomba afya na amani.

Nikaanza kazi. Kifaransa nilijifunza kwa wanafunzi wangu wadogo, wao wakinicheka, mimi nikiwafundisha Kiingereza kwa malipo ya vicheko. Kritiki nayo niliisomea kama fundi anayesomea chuma. Niligundua kwamba anayepayuka hafiki popote. Sifa zinatangulia, tena za kweli. Sauti inashuka. Makosa si kumi, ni moja, lile ambalo mtu mwenyewe analijua na anaomba usilione. Baada ya muda walimu wakaanza kukaa sawa nilipoinuka. Prefe mwenyewe alinisifu siku moja, akasema, "Sasa madame iko anaelewa." Nikamshukuru kwa Kifaransa, vizuri kabisa.

Wafinalisti walikuwa wanakauka. Msichana wa Vuhovi aliniotea karibu na bomba.

"Madame, tuko tunaandika tu. Anasoma, tunaandika, anafuta, anasoma tena. Mi niko naogopa ile mahojiano ya Uganda. Kinywa yangu imefunga."

Nikamwambia aje tuzungumze baada ya masomo. Alikuja siku chache. Prefe akatuona, na kesho yake akatangaza kwenye kupandisha bendera kwamba hakuna mfinalisti atakayezungumza Kiingereza na mwalimu asiye wake, kwa sababu inawavuruga. Msichana akawa ananipita uani bila kuinua macho. Kama palikuwa na punje ya huruma imebaki ndani yangu kwa ajili ya mtu yule, ilikwisha asubuhi ile.

Ndipo ikaja habari kutoka kwa inspekta, mkaguzi wa shule za huko. Walimu wa Kiingereza wa Butembo na Beni wangekutana Beni kwa somo la mfano, na shule yetu ndiyo iliyochaguliwa kulitoa, pamoja na wafinalisti wake. Mwenye shule aliitisha kikao mwenyewe, amevaa koti jipya la Dubai, amefurahi kama bwana harusi. Prefe alikuwa ameshaanza kumtaja kijana mmoja aliyeajiriwa majuzi. Nikaomba neno.

Nilimvika prefe kilemba cha ukoka, kirefu, nikakizungusha mara nyingi. Nilisema mimi ni mgeni na kijana yule bado mdogo. Nilisema Beni watakuja watu wazito, na si heshima kwa shule kupeleka mkono wa kushoto wakati wa kulia upo. Nani amewafundisha wafinalisti mwaka huu? Nani amesomea Kiingereza kabla sisi hatujajua kuandika? Nilisema yote kwa Kifaransa alichonifundisha yeye kwa kunifanya nirudie rudie, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili mwenye shule asikose hata tone.

Mwenye shule akapiga meza. "Njo vile! Prefe mwenyewe! Bale ba Beni baone!"

Walimu wakapiga makofi. Mzee wa jiografia ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha. Prefe alitabasamu, na katika baridi ile ya Butembo niliona paji la uso wake linang'aa.

Tulikwenda Beni wakati watu walipokuwa wanasema njia imetulia. Kwenye vizuizi askari walitushusha, wakatazama vitambulisho, wakawatania wasichana kwa Kilingala, tukapanda tena. Kadiri tulivyoshuka makoti yalivuliwa. Kando ya barabara kakao ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai na harufu yake iliingia garini, chachu kama pombe ya ndizi. Prefe alikaa mbele, kitabu mapajani, midomo ikitikisika. Nilinunua muhogo wa kuchoma nikala njia nzima.

Darasa tuliloazimwa lilijaa, mwenye shule naye amekaa mstari wa mbele. Inspekta alikuwa mtu mfupi, mpole, wa kwao huko huko. Prefe aliandika kifungu cha Kiingereza ubaoni, na naapa sijaona mwandiko mzuri kama ule. Akakisoma. Wanafunzi wakakirudia. Wakakinakili. Hakuna aliyekohoa. Ilikuwa ibada ya mazishi isiyo na maiti.

Kabla ya kengele inspekta aliomba mwanafunzi yeyote asimulie kwa Kiingereza, kwa maneno yake, kile alichokisoma. Mvulana mmoja akainuka, akasema mstari wa kwanza wa kifungu kwa kichwa. Inspekta akamshukuru, akamwomba mwingine. Mwingine akasema mstari wa pili. Akamwelekea msichana wa Vuhovi. Msichana akasimama, akamtazama prefe, akasema mstari wa tatu, neno kwa neno, sauti haina mtu ndani.

Inspekta akakohoa kidogo. "Asante, batoto. Sasa mutoke inje, batu bazima bazungumuze."

Nikainua mkono.

"Samahani, Bwana Inspekta. Shuleni kwetu wanafunzi hubaki wakati wa kritiki. Ni sheria ya Bwana Prefe. Anasema nao wajifunze."

Inspekta alishangaa. "Njo vile, prefe?"

Walimu wenzangu, wale waliotusindikiza, wakajibu kabla yake. "Njo sheria yetu." Walisema kwa pamoja kama kwaya. Prefe alifungua mdomo. Angekataa angejitangaza mwongo mbele ya watu wake mwenyewe. Akasema kwa Kifaransa kwamba ni kweli. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Akasimama kando ya ubao, mikono nyuma. Wengine walizungumza, nami nikawaachia wote wapite. Walikuwa wakarimu. Kisha nikainuka, na moyo wangu ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungi.

Nilisifu mwandiko. Nilisifu sauti, na usafi wa ubao, na nidhamu ya darasa. Nilisifu hadi nikaona mabega yake yanashuka. Ndipo nikasema nina jambo dogo moja tu. Nimesikia Kiingereza cha kitabu, sijasikia cha mwalimu. Kwa ruhusa ya inspekta, ningependa Bwana Prefe aturudie hatua moja ya somo, bila kutazama ubao: awasalimu tu wanafunzi hawa kwa maneno yake, awaulize safari yao ya leo ilikuwaje. Desturi inamruhusu mkosoaji kuomba hatua irudiwe. Nilikuwa nimehakikisha.

Aliwasalimu. Hadi hapo alifika. Kisha akatafuta neno la pili, na neno halikuja. Akaanza upya. Akasalimu tena. Macho yake yakarudi ubaoni, kwenye kile kifungu chake kizuri, akakopa neno moja pale lisilohusika, likaanguka. Jasho lilimtoka hadi kwenye kola. Nikasimama nikimngoja kwa adabu, kichwa nimekiinamisha upande, kama mtu anayemsubiri mzee amalize kukohoa.

Wakacheka. Mmoja alianza, kisha darasa zima, wafinalisti wangu wote. Nilikisikia kicheko kile kikiniingia hadi kwenye nyayo. Sitasema uongo: sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile, na nimekula senene wa mama yangu.

Inspekta akasema yatosha. Prefe akatoa ile shukrani ya desturi, chini chini.

"Samahani," nikasema. "Sikusikia vizuri."

Akairudia. Nikasema huku nyuma bado haijafika. Akairudia tena. Ndipo nikakaa, na soda zilipoletwa nikachagua ya baridi kuliko zote nikainywa hadi chini.

Inspekta aliondoka na mwenye shule wakizungumza, na tuliporudi milimani nikaambiwa wafinalisti ni wangu. Prefe alikaa hadi mwisho wa mwaka, kisha akaomba uhamisho. Hakunisemesha tena, nami sikumkosa.

Asubuhi ile ya kulipokea darasa nilivaa gauni langu jipya. Nilifika mapema, nikafuta ubao ingawa ulikuwa safi. Waliingia wakakaa. Nikawasalimu, wakaitikia. Nikawaambia wafunge vitabu, leo tuko Uganda, mlangoni pa chuo, nani anaanza? Nikatabasamu nikingoja fujo.

Hakuna aliyeinua mkono. Nikauliza tena. Walikuwa wamenyooka kwenye madawati, mikono juu ya meza, kama siku ile ya kifungu. Nikamtaja msichana wa Vuhovi.

Alisimama, mikono nyuma. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwa maneno yake mwenyewe. Alisema kule Beni walicheka kwa sababu walikuwa wanaogopa. Alisema walimwona mtu mzima anakosea, na walimwona mwalimu wao anangoja akosee tena. Alisema tangu niondolewe walitaka nirudi, lakini sasa hawajui nitawafanya nini wakikosea mbele yangu.

Nikatafuta kosa la kusahihisha katika yale aliyosema, nikayapitia neno kwa neno, sikulipata hata moja. Nikamwambia akae. Hata hili, nikajiambia, ni kazi ya prefe.